Jinsi ya Kusoma Uzungumzi Nafsia wa Mhusika Mwovu katika Tanzia

Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita hapa Mtwara, pamoja na vijana wa vikundi vya maigizo kutoka Lindi, Mikindani na Masasi, wamekuwa wakiuliza maswali yaleyale kila msimu wa mitihani na kila msimu wa mashindano. Je, mhusika anayesema peke yake jukwaani anasema kweli? Nitajuaje kwamba ni mwovu, ilhali anajieleza vizuri kuliko wahusika wema? Kwa nini wenzake hawatambui hila zake mpaka mambo yaharibike? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kukuonyesha kazi yenyewe inavyofanywa, hatua kwa hatua.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Uzungumzi nafsia, yaani maneno ambayo mhusika anayasema akiwa peke yake, ni ushahidi unaopaswa kupimwa, nawe usiupokee kama ungamo. Mhusika mwovu wa tanzia, yaani tamthiliya inayoishia kwa maafa, akibaki peke yake hana wa kumdanganya isipokuwa nafsi yake, na mara nyingi huidanganya hiyohiyo. Tabia yake halisi utaipata kwa kulinganisha mambo matatu: anayowaambia wengine, anayojiambia mwenyewe, na anayoyatenda.

Mahitaji kabla ya kuanza

Kwanza, uwe na nakala kamili ya tamthiliya. Muhtasari na vijitabu vya maswali na majibu havifai kwa kazi hii, kwa sababu huondoa hasa yale maneno unayotakiwa kuyapima. Kwa anayeanza ninapendekeza tamthiliya za Shakespeare zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar, na baada ya toleo la kwanza la 1963 akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. S. S. Mushi alitafsiri Macbeth, ikatoka mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Kama shule yenu ina nakala moja tu, nakili kwa mkono hotuba unayoichambua. Kazi hiyo inachosha, lakini anayenakili huona maneno ambayo msomaji wa haraka huyaruka.

Pili, uwe na daftari, rula na penseli. Tatu, umpate mwenzako wa kusoma naye kwa sauti. Nne, uwe umeisoma tamthiliya yote walau mara moja mpaka mwisho, kwa kuwa hotuba ya tendo la kwanza haieleweki vizuri mpaka ujue ilizaa nini katika tendo la tano.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba mhusika yuko peke yake

Soma maelekezo ya jukwaani uone nani ametoka na nani amebaki. Hotuba kuwa ndefu hakuifanyi kuwa uzungumzi nafsia. Katika Juliasi Kaizari, watahiniwa wengi huitaja hotuba ya Antony kwenye maziko ya rafiki yake Caesar, mtawala wa Roma aliyeuawa, kama mfano, na hilo ni kosa, kwa sababu Antony anahutubia umati wa raia wa Roma na kila neno lake limepangwa ili liwachochee. Uzungumzi nafsia wake umetangulia kidogo, pale wauaji wanapoondoka na yeye kubaki na maiti. Hapo anaiomba maiti msamaha kwa kuwa mpole mbele ya wachinjaji wake, kisha anatabiri vita vya wenyewe kwa wenyewe katika Italia yote. Weka hotuba hizo mbili moja kando ya nyingine, nawe utaona tofauti kati ya mtu anayetumia uchungu wake na mtu aliyezidiwa nao.

Usichanganye pia uzungumzi nafsia na mnong'ono wa pembeni, ambapo mhusika husema maneno machache yasikiwe na hadhira huku wenzake wakiwapo palepale. Mnong'ono hutoa fununu, lakini hauna nafasi ya kufuata wazo mpaka mwisho wake.

Hatua ya 2: Andika kilichotokea mara tu kabla na mara tu baada ya hotuba

Sentensi mbili zinatosha. Katika Richard III, nayo ya Shakespeare, tamthiliya inafunguka Richard akiwa peke yake, akieleza kwamba amepanda uadui kati ya mfalme na ndugu yao Clarence kwa kutumia unabii wa uongo. Papo hapo Clarence anaingia akiwa chini ya ulinzi, naye Richard anamsikitikia na kumwahidi kumtetea. Mwandishi ameziweka sura mbili za mtu mmoja pamoja kwa makusudi, bila nafasi ya kupumua katikati, na asiyeandika kilichofuata baada ya hotuba atalikosa kusudi hilo.

Hatua ya 3: Chora safu tatu

Hatua hii ndiyo uti wa kazi yote, hivyo usiiharakishe. Gawa ukurasa katika safu tatu. Juu ya ya kwanza andika "Kwa wengine", juu ya ya pili "Peke yake", na juu ya ya tatu "Matendo". Kisha pitia tamthiliya ukijaza kila safu kwa maneno mafupi, na mbele ya kila ingizo weka namba ya tendo na ya onyesho.

Tuchukue Cassius, anayepanga njama dhidi ya Caesar na anayetaka kumvuta Brutus aingie humo, katika tendo la kwanza, onyesho la pili la Juliasi Kaizari. Katika safu ya kwanza tunaandika aliyomwambia Brutus: kwamba Warumi walizaliwa huru, kwamba Caesar ni binadamu dhaifu kama wao, kwamba aliwahi kushindwa kuogelea katika mto Tiber akaomba kuokolewa, na kwamba alipokuwa mgonjwa wa homa kule Hispania alitetemeka na kuomba maji. Maneno yote yanaelekea kwenye heshima na uhuru wa Roma.

Brutus anaondoka. Sasa tunajaza safu ya pili. Akiwa peke yake, Cassius anasema kwamba Brutus ni mtu mwadilifu, lakini uadilifu wake unaweza kupindwa. Anasema kwamba watu wema wanapaswa kukaa na wema wenzao, maana hakuna aliye imara kiasi cha kutoshawishika. Anasema kwamba Caesar anamchukia yeye ilhali anampenda Brutus. Kisha anapanga kutupa dirishani mwa Brutus, usiku huohuo, barua zilizoandikwa kwa miandiko mbalimbali ili zionekane kwamba zimetoka kwa raia wengi.

Simama hapo utazame safu mbili hizo. Uhuru wa Roma umejaa katika safu ya kwanza, na katika ya pili haupo. Kilichochukua nafasi yake ni malalamiko ya mtu ambaye mkubwa wake hampendi. Jambo linalonigusa zaidi katika hotuba hiyo ni kwamba Cassius anauona wema wa Brutus vizuri kabisa, anausifu, na katika pumzi ileile anautafutia mahali pa kuuvunjia. Mwovu wa tanzia mara nyingi ndiye anayeijua thamani ya mtu mwema kuliko wote waliomzunguka. Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa tunakisikia hicho kilicho nguoni kikieleza namna kitakavyokula.

Katika safu ya tatu andika barua zilivyofika. Katika tendo la pili, kijana anayemtumikia Brutus anaikuta karatasi dirishani, naye Brutus anaisoma na kuijaza mwenyewe sehemu zilizoachwa wazi, akiamini kwamba Roma inamwita. Sisi tunajua nani aliyeiandika, yeye hajui. Kinaya hicho kisingekuwapo kama Cassius asingeachwa peke yake jukwaani kwa dakika ile moja.

Tahadhari: Usikimbilie kumwita Cassius shetani. Endelea kujaza safu mpaka mwisho, na utakuta kwamba anamlilia rafiki yake Titinius kwa uchungu wa kweli, na kwamba anajiua kwa kudhani kimakosa kuwa rafiki huyo ametekwa. Safu zinazomwonyesha mhusika upande mmoja tu hazijajazwa zikaisha.

Hatua ya 4: Orodhesha sababu anazozitoa, kisha uone kama zinabadilika

Mhusika mwenye kisa cha kweli hurudia kisa kilekile. Mhusika anayetafuta kisingizio huongeza sababu mpya kila anapobaki peke yake.

Hakuna mfano ulio bora kuliko Iago, askari wa jemadari Othello, katika tamthiliya ya Shakespeare iitwayo Othello. Kwa Roderigo, kijana anayemtumia katika hila zake, analalamika kwamba Othello amempa Cassio cheo ambacho yeye alikistahili, huku yeye akiachwa kuwa mshika bendera. Malalamiko hayo yanaeleweka, na mtu yeyote aliyewahi kurukwa katika kupandishwa daraja atayaelewa. Lakini mfuate anapobaki peke yake mwishoni mwa tendo la kwanza. Anatamka kwanza kwamba anamchukia Othello, ndipo anaongeza kwamba kuna uvumi kuwa Othello alilala na mke wake. Anakiri kwamba hajui kama uvumi huo ni kweli, ila atatenda kana kwamba ni hakika. Chuki imetangulia, sababu imeletwa baadaye kuihudumia.

Katika tendo la pili anabaki peke yake tena na kusema kwamba yeye pia anampenda Desdemona, mke wa Othello, kwamba wazo la mke wake na Othello linamtafuna ndani kama sumu, na kwamba anamshuku Cassio naye kwa mke huyohuyo. Hapohapo anakiri kwamba Othello ni mtu mwenye tabia imara, upendo na heshima, na kwamba atakuwa mume mwema. Katika tendo la tano, akimvizia Cassio gizani, anasema kwamba maisha ya Cassio yana uzuri wa kila siku unaomfanya yeye aonekane mbaya.

Ziandike sababu hizo zote katika orodha moja: cheo, uvumi kuhusu Othello, tamaa kwa Desdemona, shaka juu ya Cassio, uzuri wa maisha ya mwenzake. Mshairi Mwingereza Coleridge aliwahi kusema kwamba Iago ni uovu usio na sababu unaojitafutia sababu. Mimi nakubali nusu. Sababu ile ya mwisho naiona tofauti na nyingine, kwa kuwa ndiyo pekee isiyomtaja mtu aliyemkosea: inamhusu mtu ambaye wema wake tu unamuumiza. Unaweza kupinga maoni yangu, mradi uwe umeorodhesha kwanza, kwani mjadala huu hauwezekani kwa mtu aliyesoma hotuba moja pekee.

Na mwishoni kabisa, Iago anapokamatwa na kuulizwa kwa nini alifanya hayo, anakataa kujibu na kuapa kwamba hatasema neno tena. Aliyetuambia mengi hivyo akiwa peke yake hawaambii waathirika wake lolote. Weka hilo katika safu ya kwanza, kwa sababu ukimya nao ni kauli kwa wengine.

Hatua ya 5: Uliza kama anajua kwamba atendalo ni ovu

Waovu hawalingani katika jambo hili, na mtihani mara nyingi huulizia tofauti zao. Macbeth, kabla ya kumuua Duncan, anajitajia sababu zote za kutomuua: ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni aliyelala nyumbani kwake, tena ametawala kwa upole. Anakiri kwamba kinachomsukuma ni tamaa ya makuu peke yake. Claudius katika Hamlet anajaribu kuomba toba kwa kumuua ndugu yake, akajiuliza kama mtu anaweza kusamehewa ilhali bado amevishikilia vile alivyovipata kwa dhambi hiyo: taji na malkia. Anaona kwamba haiwezekani, na havirudishi. Edmund katika King Lear ana dai la haki ndani yake, kwa sababu sheria inamnyima urithi kwa kosa la kuzaliwa nje ya ndoa, lakini dai hilo analitumia kumwangamiza ndugu yake asiye na hatia.

Ukimwona mhusika anayejua ubaya wa tendo na bado analitenda, andika ujuzi huo wazi katika uchambuzi wako, maana ndio unaomfanya atutishe.

Hatua ya 6: Isome hotuba kwa sauti na usikilize sentensi

Mpe mwenzako kitabu, ufumbe macho. Richard wa mwanzo husema kwa sentensi ndefu zinazotiririka, zilizojaa mzaha na kujiamini. Usiku wa kuamkia vita, baada ya kutokewa na mizimu ya watu aliowaua, anazinduka na kusema kwa vipande vifupi, akijiuliza na kujijibu, akijitetea na kujishtaki, akitaka kukimbia na kutambua kwamba anayemkimbia ni yeye mwenyewe. Sarufi yake imevunjika pamoja naye. Mwigizaji anayezisema hotuba hizo mbili kwa mwendo mmoja ameharibu tamthiliya.

Hatua ya 7: Andika hoja yako

Anza na dai, leta ushahidi wa peke yake, ulinganishe na ushahidi wa mbele ya wengine, kisha useme tofauti hiyo inafunua nini. Sentensi kama "Uzungumzi nafsia unaonyesha kwamba Macbeth ni mbaya" haina kazi, kwa sababu tulikwisha kulijua hilo. Linganisha na hii: "Akiwa peke yake, Macbeth anakiri kwamba anamwogopa mwenzake wa vitani Banquo kwa hekima yake na kwa ahadi ya wachawi kuhusu uzao wake, lakini kwa wauaji anadai kwamba Banquo ndiye aliyewadhulumu wao, hivyo hofu yake binafsi ameivisha nguo za haki ya watu maskini." Sentensi ya pili ina mahali pa kuanzia na mahali pa kufikia.

Hatua ya 8: Kwa vikundi vya maigizo, tungeni uzungumzi nafsia wenu

Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuuelewa ufundi huu. Chagueni mwovu anayefahamika huku kwetu. Vikundi vya Tandahimba na Newala vinaweza kumchukua mnunuzi wa kangomba, yule anayempa mkulima fedha kidogo wakati wa shida, kabla ya msimu, ili aje achukue korosho kwa kipimo chake mwenyewe nje ya mnada wa chama cha msingi. Onyesho la kwanza, mkulima yupo: mnunuzi anamwita ndugu, anamuulizia watoto, anampa fedha za ada. Mkulima anatoka. Mnunuzi anabaki peke yake.

Sasa zingatieni masharti mawili. Mhusika haruhusiwi kusema kwamba yeye ni mwovu, wala kwamba anafanya hila. Pia lazima atoe sababu anayoiamini, kwa mfano kwamba baba yake naye alinyang'anywa shamba namna hiyo, au kwamba bila yeye watoto wa mkulima wangerudishwa nyumbani. Mkifaulu, watazamaji watamwelewa na kumwogopa kwa wakati mmoja. Mkishindwa, mtapata mhusika anayekenua meno na kusugua viganja, ambaye hakuna mkulima yeyote angemkabidhi hata gunia tupu.

Ukikwama

*Tamthiliya yangu haina uzungumzi nafsia.* Tamthiliya nyingi za kisasa hazina. Tafuta mahali pengine ambapo mhusika hajihadhari: mazungumzo yake na mtu anayemdharau kiasi cha kutojali atasikia nini, barua, wimbo, au maelekezo ya jukwaani yanayoeleza anachofanya mikono yake anapoachwa chumbani. Vijaze hivyo katika safu ya pili.

*Hotuba yenyewe inapingana ndani yake.* Usijaribu kuipatanisha. Andika pande zote mbili na useme mpingano huo unatokea kwenye jambo gani, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo penye kidonda.

*Nimeanza kumpenda mwovu.* Hilo ni la kawaida, na mwandishi alilitaka litokee, kwa maana anayetushirikisha siri zake hutufanya washirika wake. Rudi kwenye safu ya tatu, usome majina ya waliokufa, kisha uandike aya moja kuhusu namna ulivyovutwa. Aya hiyo yaweza kuwa bora kuliko zote katika insha yako.

*Mwigizaji wetu anaisema hotuba akitazama sakafu.* Mwambie achague watu watatu katika hadhira na awagawie mawazo yake, wazo moja kwa kila mmoja. Kwenye uwanja wa wazi usio na vipaza sauti, hasa mahali penye upepo wa bahari kama pale Shangani hapa Mtwara, asogee mbele kabisa na apunguze mwendo, la sivyo watu wa nyuma hawatapata neno.

*Hadhira inamjibu mwovu kwa sauti.* Hadhira zetu hazikai kimya: watu watampigia kelele kwamba ni mwongo, na watoto watamwonya mhusika mwema anapoingia. Msiwanyamazishe. Mwigizaji anyamaze, amtazame aliyemjibu mpaka kelele zipungue, kisha aendelee na sentensi iliyofuata kwa utulivu uleule, bila kubadilisha neno. Fanyeni mazoezi ya jambo hilo kabla ya siku ya onyesho, mwenzenu mmoja akikaa kwenye viti na kumkatiza kwa makusudi.